Tiba ya nywele kwa damu ya mgonjwa mwenyewe

Wanaopoteza nywele kwa kurithi upara wana tiba ambayo dawa yake ni damu yao wenyewe. Mgonjwa hutolewa damu mkononi, nayo huzungushwa kwa kasi katika mashine hadi chembe nyekundu zijitenge na majimaji ya manjano. Majimaji hayo, yenye wingi wa chembe za kugandisha damu, hudungwa katika ngozi ya kichwa. Kwa kawaida mara 3, kila baada ya mwezi mmoja, kisha hurudiwa.

Chembe hizo hutoa protini za kuchochea ukuaji. Huyasaidia mashina ya nywele yaliyosinyaa lakini yangali hai. Palipokwisha kung'aa, hakuna cha kuamshwa. Wala haziondoi homoni inayoyasinyaza. Matokeo ya utafiti yanatofautiana, kwani kila kliniki huandaa majimaji kwa namna yake.

Mzio ni nadra. Hatari kubwa imo katika vifaa: ripoti ya mwaka 2024 ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ilihusisha maambukizi ya VVU na tiba kama hiyo, iliyofanywa usoni katika saluni moja ya New Mexico. Saluni hiyo, iliyofungwa mwaka 2018, haikuwa na leseni.