Nembo na Chapa katika Vyombo vya Fedha vya Uskoti

Kijiko cha fedha kilichofuliwa Uskoti katika karne ya 18 aghalabu huwa na mashahidi wawili. Nyuma ya mpini zimegongwa chapa ndogo. Na penye ncha ya mpini imechorwa alama ya mwenyewe, kama vile kichwa cha nguruwe mwitu au mkono ulioshika upanga. Wanunuzi wengi huanza na alama hiyo, wakadhani wamekwisha kumjua mwenye mali. Lakini chapa ndizo za kuaminiwa zaidi.

Chapa ni kazi ya sheria. Bunge la Uskoti liliweka kipimo cha usafi wa fedha mwaka wa 1457. Edinburgh hugonga ngome ya minara mitatu, ndiyo alama ya mji; mwaka wa 1681 ikaongezwa herufi ibadilikayo kila mwaka, na mwaka wa 1759 ua la mbaruti likashika mahali pa chapa ya mpimaji. Aijuaye herufi huutaja mwaka.

Nembo ni jambo jingine. Husemwa sana "nembo ya ukoo", na katika sheria ya Uskoti hakuna kitu cha namna hiyo. Nembo ni ya mtu mmoja, kisha ya mrithi wake. Ndugu zake wadogo, wakitaka kuitumia, sharti waiandikishe upya pamoja na tofauti fulani. Neno la Kigaeli liitalo ukoo, *clann*, maana yake ni watoto; lakini katika watoto hao ni mmoja tu airithiye ngao nzima bila tofauti.

Sheria ya mwaka wa 1672 iliamuru nembo zote ziandikwe katika daftari la Lord Lyon, mwenye mamlaka juu ya nembo, na daftari hilo lingali linaandikwa. Aliyejitwalia nembo isiyo yake alitozwa pauni 100, na vyombo vilivyochorwa nembo hiyo vikawa mali ya Mfalme. Sahani ya mezani basi ilikuwa dai la urithi, na dai huweza kuwa la uongo.

Tena mpini ni mwembamba, haichukui ngao nzima. Mchoraji huweka tu ile sanamu ikaayo juu ya chapeo. Kichwa cha nguruwe mwitu ni cha Campbell, na ni cha MacKinnon pia, ila cha MacKinnon kimeuma mfupa wa mguu wa kulungu. Mfupa huo ukisuguliwa kwa miaka mingi ya kusafishwa, msomaji hupotea.

Wako pia waliofuta nembo ya mwenye kwanza ili waweke yao. Chombo cha namna hiyo hujulikana kwa kidole, kwa kuwa bamba huwa jembamba mahali palipokwanguliwa. Na mtu akipuliza pumzi juu yake, pengine mistari ya zamani huonekana kitambo kidogo, ikatoweka.