Machakos Hadi Mombasa ni Mbali Kiasi Gani?

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa Moi, Mombasa, ni kama kilomita 420 kwa mstari ulionyooka. Tiketi itakuambia saa moja, lakini hewani kwenyewe ni kama dakika 45. Hebu fungua ramani kwenye simu uchore huo mstari. Unapita kama kilomita kumi tu kusini magharibi mwa mji wa Machakos.

Sasa isafiri hiyo safari ukiwa mtu wa Machakos kama mimi. Mombasa iko kusini mashariki, lakini nakamata matatu ya kwenda kaskazini magharibi, kama kilomita 50 za kuelekea nisikoenda. Nakwama Mlolongo, mji uliopewa jina na foleni ya malori. Nakaguliwa, napanda ndege, na dakika chache baadaye niko karibu na kwetu tena, ila juu mawinguni.

Zamani haikuwa hivyo. Karne ya 19, Wakamba ndio waliokuwa wenye njia. Misafara yao ilishusha pembe za ndovu hadi pwani kwa miguu. Mmisionari Krapf alipotoka Rabai Novemba 1849 kuja bara, alifuata njia hizo za Wakamba. Tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya akiwa Kitui. Mwezi mzima huo.

Waingereza nao wakapita humo humo. Mwishoni mwa miaka ya 1880, kampuni yao ya Imperial British East Africa iliweka kituo Machakos, wakati Nairobi ingali kinamasi cha kunyweshea ng'ombe. Misafara ya Uganda ilinunua chakula hapa, na John Ainsworth akatawala Ukambani akiwa hapa.

Kisha reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, na wahandisi wakachagua tambarare za Kapiti na Athi, wakaviacha vilima vyetu pembeni. Mwaka 1899 ilifika Nairobi, na mwaka huo huo Ainsworth akahamishia ofisi huko. Machakos haikusogea hata hatua moja, lakini ghafla ikawa mbali.

Kilichofuata kilienda palipokuwa na reli. Uwanja wa Embakasi, uliojengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, ulifunguliwa 1958 kuhudumia Nairobi. Mwaka 2017 ikaja SGR, kilomita 472, na stesheni yake kuu ikawekwa Syokimau.

Syokimau! Huyo ni nabii wa Kikamba anayesemekana kutabiri nyoka mrefu atakayetoka baharini. Leo jina lake ni mtaa wa Kaunti ya Machakos, treni ikipita kando na ndege zikinguruma juu. Kumbe waliotabiriwa reli ndio walioachwa nayo.

Kilomita kati yetu na bahari hazijabadilika tangu enzi za pembe za ndovu. Kilichobadilika ni mahali watu wengine walipoamua kuweka mlango. Ndiyo maana wakitangaza reli au barabara mpya, mimi siulizi itaokoa dakika ngapi kati ya Nairobi na Mombasa. Nauliza itasimama wapi.