Neno "Asili" katika Biashara ya Sigara: Madai ya Kimazingira na Mipaka ya Sheria nchini Marekani, 1982–2017

Historia ya sigara za Natural American Spirit inadhihirisha namna sifa njema ya shamba ilivyogeuzwa kuwa sifa ya moshi. Kampuni ya Santa Fe Natural Tobacco, iliyoanzishwa mwaka 1982 huko New Mexico, ilijinadi kwa tumbaku isiyo na viungio na, kwa baadhi ya aina, iliyolimwa kwa kilimo hai. Madai hayo yaliweza kuwa ya kweli kuhusu shamba na kiwanda, lakini hayakugusa kinachotokea sigara inapowashwa. Lami na monoksidi ya kaboni huzalishwa na kuungua kwa jani lenyewe, nayo nikotini imo katika jani hilo tangu shambani. Upotoshaji ulitokana na ukweli uliowekwa mahali pasipo pake, na ndiyo maana ulikuwa mgumu kushtakiwa.

Hatua za awali za serikali zilikuwa za kuongeza maneno. Mwaka 2000, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliitaka kampuni itamke katika matangazo yake kwamba kukosekana kwa viungio hakuifanyi sigara kuwa salama zaidi. Kampuni ilinunuliwa na R.J. Reynolds mwaka 2002; na mwaka 2010, wanasheria wakuu wa majimbo walipata tamko kama hilo kuhusu kilimo hai. Tahadhari iliandikwa, dai likabaki kando yake.

Sheria ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka 2009 ilihamisha mzigo wa uthibitisho: muuzaji hakuruhusiwa tena kudokeza kuwa bidhaa yake ina madhara pungufu kabla ya kupata idhini. Kwa msingi huo, Agosti 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa iliionya kampuni. Makubaliano ya Januari 2017 yaliyaondoa maneno "asili" na "bila viungio" katika pakiti na matangazo, ila neno Natural likaruhusiwa kubaki katika jina la bidhaa.

Jambo hili lina uzito kwa nchi zilizoridhia Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku, ikiwemo Tanzania tangu mwaka 2007. Ibara ya 11 inapinga maelezo yanayojenga picha ya uongo kuhusu madhara, na mifano inayoitaja ni ya aina ya "lami kidogo" na "sigara nyepesi". Sheria ya nchi inayoishia kwenye mifano hiyo itaacha mlango wazi kwa lugha ya mazingira. Kinachostahili kupimwa ni imani ambayo pakiti nzima, pamoja na jina lake, inampa mnunuzi.