Kahawa, Mgeni na Mwenyeji: Ukirimu wa Hadhara kutoka Barazani hadi Buhemba

1.0 Utangulizi

Kampuni inapoandaa hafla, iwe uzinduzi wa mradi au mkutano na wanakijiji, suala la kahawa huachiwa mpishi na mtunza stoo. Huhesabiwa vikombe, chupa za chai na kilo za sukari, na shughuli huonekana imekamilika. Historia ya kinywaji hiki katika Afrika Mashariki inaonesha vingine. Kumimina kahawa mbele ya hadhara ni tendo la kijamii lenye kanuni zake, na swali lake la kwanza ni nani anamkirimu nani.

2.0 Ushahidi wa msamiati

Asili ya mbuni ni Uhabeshi, lakini desturi ya kunywa kahawa iliimarika Yemeni katika karne ya 15, miongoni mwa Masufi waliokesha kwa ibada. Kutoka huko desturi hiyo ilifuata njia za biashara hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Msamiati wake umehifadhi safari hiyo: kahawa, buni na finjani ni maneno yaliyoingia kwa njia ya Kiarabu. Kiswahili nacho hakikupokea tu, kilizalisha. Kutokana na kahawa tumepata mkahawa, yaani mahali pa kunywea, na hata jina la rangi, kahawia. Ni dhahiri kwamba jamii haiupi mkahawa jina la kinywaji kimoja ila pale ambapo kinywaji hicho kimekuwa sababu ya watu kukutana.

Barazani, kahawa chungu humiminwa katika vikombe vidogo, pengine kwa tangawizi, na huliwa kwa kashata, tende au halua. Muuzaji hupita na dele lake la moto, na kila anayeketi hupewa kikombe cha kadiri ile ile. Tajiri hapewi kikubwa zaidi. Kwa sababu hiyo vijiwe vya kahawa, kama kile cha Jaws Corner katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, vimekuwa pia mahali pa kujadili siasa: usawa wa kikombe hurahisisha usawa wa kauli.

3.0 Bara: zao na kinywaji

Upande wa bara historia ilichukua mkondo mwingine. Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, walikuwa na kahawa kabla ya ukoloni. Waliichemsha, wakaikausha na kuitafuna, na mgeni alikirimiwa kwayo. Utawala wa kikoloni uliifanya kahawa kuwa zao la kuuza nje. Katika Mkoa wa Mara, wakulima wa Tarime hulima arabika, lakini kinywaji kilichozoeleka ofisini na majumbani kikawa chai. Hata kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA, kilichoanzishwa Bukoba katika miaka ya 1960, hakikubadili sana mazoea hayo. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kupalilia mibuni maisha yake yote, kisha akaionja kahawa kwa mara ya kwanza akiwa mgeni katika hafla ya watu wengine.

4.0 Hesabu mbili

Tofauti ya mapokeo haya hudhihirika katika hesabu. Chukua wageni 120. Kikombe cha ofisini chenye mililita 200, kikitolewa mara moja wakati wa mapumziko, kitahitaji lita 24. Finjani yenye mililita 80, ikijazwa mara tatu, itahitaji lita zipatazo 29. Kiasi hakitofautiani sana. Kinachotofautiana ni idadi ya safari. Katika mfumo wa kwanza, mgeni hupanga foleni, hujihudumia na kuondoka. Katika wa pili, mwenye dele humfikia mgeni mara tatu, na kila mara hulazimika kumtazama usoni. Mpangaji anayechagua kati ya mifumo hii anachagua pia aina ya mazungumzo yatakayofuata.

5.0 Buhemba: mwenyeji ni nani?

Buhemba, katika nchi ya Wazanaki, imo katika Wilaya ya Butiama, iliyomegwa kutoka Musoma Vijijini mwaka 2012. Dhahabu ilichimbwa hapo tangu enzi za ukoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mgodi uliendeshwa na kampuni ya Meremeta, na baadaye ukawa chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Mahali kama hapo, kampuni ndiyo iliyokuja, na wanakijiji ndio wenye ardhi. Lakini siku ya hafla kampuni hutandika meza, humimina kahawa na kuwakaribisha wenye ardhi. Mgeni amegeuka mwenyeji.

Ugeuzi huo si jambo dogo. Methali isemayo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliitumia katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, huweka mpaka wa ukirimu: baada ya kupokewa, mgeni hudaiwa kazi. Anayetwaa nafasi ya mwenyeji hujiondoa katika deni hilo, na anayekunywa kahawa yake huingia katika deni jipya. Sheria nayo imewahi kukabili utata huu. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima kama ukarimu wa jadi wa mgombea kwa wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo. Lugha ya mitaani ilikuwa imekwisha kutoa hukumu yake, kwani kuomba chai hakukumaanisha tena kinywaji pekee.

6.0 Hitimisho

Kwa mintarafu hiyo, kupanga kahawa ya hafla ni kupanga uhusiano. Historia haiikatazi kampuni kumimina. Inaidai kanuni za barazani: kikombe cha meneja na cha mwanakijiji kiwe kimoja, wenyeji washirikishwe katika kualika na kugawa, na kahawa isitangulie saini. Kahawa iliyonunuliwa kwa mkulima wa Tarime ingeongeza heshima hiyo. Lita ngapi zichemshwe ni hesabu inayoweza kufanywa baadaye, mwenyeji akishajulikana.