Vigae vya Tumbe

Mwulize Mpemba yeyote habari za miji ya kale. Atakupeleka Pujini kwa Mkame Ndume, au Chwaka penye kaburi la Haruni. Huko kuna kuta, kuna jina la mkubwa. Lakini Tumbe, kule kaskazini kwenye soko la samaki, mji wa kale haukuacha hata ukuta. Umeacha vigae.

Utotoni tukivichezea. Kigae chenye mifuo tulikitupa, ati kibovu.

Kumbe kile kibovu ndicho kitabu! Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba pale. Wakakuta makazi makubwa ya nyumba za udongo, ya tangu karne ya 7 hadi ya 10. Vigae vyenye mifuo vilipita 2,000. Vilikuwa vinoo! Mtu alivunja makombe ya baharini, akayatoboa, akayasugua kwenye kigae cha chungu mpaka yakawa shanga. Tena vinoo havikurundikana mahali pamoja kama karakana ya tajiri. Kazi ilikuwa ya majumbani. Na watu hao hao walikuwa na vyombo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi. Hawakuwa na nyumba za mawe, lakini biashara waliijua.

Kisha Tumbe ikahamwa. Katika karne ya 11 ukainuka mji wa Chwaka hapo jirani, baadaye na misikiti ya mawe. Shanga za kioo kutoka ng'ambo zikajaa pwani, vinoo vikaadimika. Sisi tukazikumbuka kuta, mikono tukaisahau.

Nakiri kosa langu. Nilikwisha andika sura tatu za riwaya juu ya Mkame Ndume, na ndani yake hamna fundi hata mmoja. Nani basi alimvisha, nani alimfinyangia chungu?

Ninapoandika haya, mama yuko barazani anasuka ukili wa mkeka. Kigae hukaa miaka elfu ardhini, ukindu huoza. Huyu hatachimbuliwa na mtaalamu yeyote. Basi nimekaa karibu yake na daftari, namwuliza jina la kila pambo. Ananicheka, "Wewe mwanangu huna kazi?"

Ninayo, mama. Sura ya kwanza naianza upya.