Mtumwa Aliyekuja Kuitwa Siti

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, bila shaka mnakikumbuka kipindi cha Kiswahili tulipokuwa tukisoma "Wasifu wa Siti binti Saad", kitabu cha marehemu Shaaban Robert. Tulipofika pale anapouza vyungu, darasa zima lilicheka. Mimi niliinamisha kichwa. Mama yangu alikuwa akiuza maandazi stendi ya mabasi ili nipate karo, nami nilikuwa nimewaficha jambo hilo. Leo napenda kuwaeleza maisha ya bibi huyo kama ninavyoyaelewa sasa.

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mnamo mwaka 1880, akaitwa Mtumwa kwa kuwa alizaliwa utumwani. Amri ya kufuta utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, lakini haikumpa shamba wala elimu. Alifinyanga vyungu, akavichukua kwenda kuviuza, akivinadi kwa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin, aliyekuwa mpigaji muziki, alimfundisha kuimba pamoja na ala. Kusoma hakujua, hivyo nyimbo alizihifadhi kichwani. Alipoanza kupata sifa, mahasidi walimtungia wimbo wa kumsimanga kwa sura yake na asili yake. Naye hakutukana. Aliwajibu kwa wimbo uliotukuza akili kuliko uzuri na ukoo.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, Bara Hindi, akarekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Taarabu, ambayo katika jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, sasa ikasikika kwa Kiswahili katika santuri, hata kwa watu wasiopata kuingia jumbani. Kabla ya kufariki tarehe 8 Julai 1950, alimsimulia Shaaban Robert maisha yake, wala vyungu hakuvificha.

Hapo ndipo ninapoona haya. Yeye aliutaja umaskini wake mbele ya watu wote, mimi nikaficha beseni la maandazi lililonisomesha. Najua katika shule yetu wapo vijana wafanyao vivyo hivyo hata leo. Tukutanapo nao, tuwaambie ukweli wetu. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mama yangu alichumia juani, aliyelia kivulini ni mimi.