Boila ya nyumba Uingereza: Namna ya kuidhibiti ukiwa mbali

WAKENYA wengi wanaoishi Uingereza hupenda kurejea nyumbani Desemba, wakati jua la Pwani limepamba moto na shule za huku zimefungwa. Huo ndio msimu ambao nyumba walizoziacha Birmingham, Leeds au Glasgow huhitaji joto zaidi. Nyumba ikikaa wiki tatu bila joto, maji yaliyomo kwenye mabomba huweza kuganda. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba la shaba halina budi kupasuka. Mwenye nyumba huja kujua siku anapofungua mlango mwezi Januari na kukuta dari imeangukia sebule.

Kwa sababu hiyo, watu wengi huuliza iwapo inawezekana kuiwasha na kuizima boila kwa simu, mtu akiwa Mombasa au Eldoret. Inawezekana, na vifaa vyake vimejaa madukani. Hata hivyo, kuna mambo ambayo wauzaji huyapitia juu juu, na baadhi yake ni ya kufa na kupona.

Msomaji ambaye hajaishi kwenye baridi ya aina hiyo aelewe kwanza kwamba boila si birika la maji ya kuoga tu. Ni mtambo unaotundikwa ukutani, aghalabu jikoni au ndani ya kabati, na ambao huchoma gesi ili kupasha maji moto. Pampu huyasukuma maji hayo hadi kwenye redieta, yaani yale mabamba ya chuma yanayowekwa chini ya madirisha, kisha maji hurejea kwenye boila yakiwa yamepoa ili yapashwe upya. Boila nyingi za siku hizi vilevile hupasha maji ya mfereji papo hapo, bila tangi. Hapa kwetu, kazi hiyo ya pili hufanywa na kile kipasha maji cha umeme kinachofungwa bafuni, au na paneli ya jua juu ya paa. Kazi ya kwanza hatuna haja nayo, isipokuwa labda wakazi wa Limuru na Kinangop mwezi Julai, nao wana jiko la makaa.

Kifaa hakiwashi moto

Jambo la msingi ni kwamba kifaa cha kudhibiti boila kutoka mbali hakigusi gesi wala moto. Ndani ya boila mna bodi ya kielektroniki inayoamua lini gesi ifunguliwe, ambayo huhakikisha kuwa moto umeshika, na hufunga kila kitu maji yakizidi joto au moto ukizimika. Themostati, iwe ya ukutani au ya simu, huiambia bodi hiyo jambo moja tu: nyumba inahitaji joto, au haihitaji. Fundi yeyote anayependekeza waya upitishwe kando ya mitambo hiyo ya usalama ili boila "itii simu" afukuzwe mara moja.

Kwa kawaida vifaa vinavyohitajika ni vitatu. Kuna themostati yenyewe, ambayo hupima joto la chumba. Kuna kipokezi, kisanduku kidogo kinachofungwa karibu na boila na kuunganishwa nayo kwa waya. Ndani yake mna rilei, yaani swichi inayofunguka na kufungika kwa amri ya umeme. Cha tatu ni kiungo kinachopeleka habari kwenye ruta ya intaneti ya nyumba. Baadhi ya kampuni huviunganisha viwili kati ya hivyo katika kisanduku kimoja.

Themostati isiwekwe juu ya redieta, wala mahali panapopigwa na jua, wala kwenye ukumbi wenye upepo wa mlangoni. Ikipima joto la uongo, itatoa amri za uongo.

Waya ndizo zenye hila

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hivyo inafaa tupakalie kidogo. Boila hupokea amri ya joto kwa njia tatu. Katika ya kwanza, umeme wa volti 230 huenda kwenye themostati na kurudi; unaporudi, boila huwaka. Katika ya pili, boila yenyewe hutoa volti ndogo, mara nyingi 24, na huwaka nyaya zake mbili zinapogusanishwa. Ya tatu haihusu kuwasha na kuzima bali mazungumzo: nyaya mbili hubeba ujumbe wa kidijitali, na themostati huieleza boila kiwango cha joto la maji kinachohitajika. Mfumo wa OpenTherm, ulioanza miaka ya 1990, ndio unaojulikana sana katika kundi hilo, ingawa kampuni nyingine zina lugha zao.

Ukipeleka volti 230 kwenye tundu lililokusudiwa volti 24, bodi huungua papo hapo, na bei yake huweza kuupita ule wa themostati mara kadhaa. Kuna vipokezi ambavyo hutoka kiwandani vikiwa na kipande cha waya kinachounganisha umeme mkuu na rilei. Kipande hicho hufaa kwa njia ya kwanza pekee. Kwa ya pili ni lazima kiondolewe. Kinyume chake, boila nyingi hutoka kiwandani zikiwa na waya mfupi uliofungwa mahali pa themostati ili ziweze kuwaka bila themostati yoyote. Usipoutoa, boila itawaka mfululizo na simu yako haitakuwa na neno. Kijitabu cha maelezo cha boila huonyesha mchoro wa nyaya hizo, na kisomwe kabla ya kifaa chochote kununuliwa.

Njia ya tatu ndiyo bora kwa matumizi ya gesi, ikiwa boila yako inaikubali. Boila za kisasa huvuna joto hata kutoka kwenye mvuke wa moshi wake, lakini hufanya hivyo barabara tu pale maji yanaporejea yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi za Selsiasi. Boila inayowashwa kwa nguvu zote kisha ikazimwa haipati nafasi hiyo. Ile inayoambiwa ipunguze moto polepole huipata. Tangu Aprili 2018, kanuni za Uingereza kwa eneo la England hutaka boila mpya ya aina isiyo na tangi iwekwe pamoja na angalau mbinu moja ya ziada ya kuokoa nishati, na themostati ya kisasa yenye uwezo wa kujipangia ni mojawapo ya zinazokubaliwa.

Kabla ya kugusa waya, umeme wa boila uzimwe kwenye swichi yake yenye fyuzi (aghalabu ya ampea 3) na ihakikishwe kwa kipimo kwamba kweli umezimika. Ama kuhusu gesi, sheria haina mzaha. Kazi yoyote ya gesi hufanywa na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, sajili iliyochukua mahali pa CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Katika boila nyingi, hata kufungua kifuniko kinachoziba chumba cha moto ni kazi ya fundi huyo. Mpangaji naye asithubutu kubadilisha chochote bila idhini ya mwenye nyumba, ambaye sheria inamtaka boila hiyo ikaguliwe kila mwaka.

Intaneti na majaribio

Nyaya zikiisha, sehemu iliyobaki ni nyepesi. Programu ya kampuni hupakuliwa kwenye simu, akaunti hufunguliwa na vifaa huunganishwa. Vingi hushika mawimbi ya Wi-Fi ya gigahatsi 2.4 pekee, na hapo ndipo watu hukwama kwa saa nzima bila kujua kosa liko wapi. Nywila iwe yako, ndefu, isiyotumika kwingine. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria ya Uingereza imepiga marufuku uuzaji wa vifaa vya intaneti vya nyumbani vyenye nywila moja rahisi inayofanana kwa wote, na muuzaji hulazimika kueleza kifaa kitapata marekebisho ya usalama hadi lini. Iulizie tarehe hiyo dukani.

Ratiba za programu hizi hufuata saa za mahali nyumba ilipo. Wakati wa baridi Kenya huwa mbele kwa saa tatu, hivyo boila iliyopangiwa 7:00 itawaka wakati huku ni saa nne asubuhi. Anayefikiria kwa saa za Kiswahili na kuandika 1:00 akikusudia saa moja asubuhi atapasha nyumba moto usiku wa manane.

Kuna mtindo wa kuifanya boila izime yenyewe simu yako inapotoka eneo la nyumba. Ni mzuri kwa anayeishi peke yake. Kwa mwenye familia, baba akienda kazini na simu yake, watoto hubaki wakitetemeka.

Jaribio lifanywe kabla ya safari. Pandisha joto hadi nyuzi 30 na usikilize: rilei italia "tik", na baada ya muda mfupi boila itawaka. Shusha hadi nyuzi 5. Ni lazima izime. Kisha zima Wi-Fi ya simu na urudie kwa intaneti ya laini, kwa sababu programu inayofanya kazi ukiwa sebuleni si hakikisho kwamba itafanya kazi ukiwa Kisumu. Chomoa ruta, uone kama themostati bado inafanya kazi kwa mkono. Mwisho, kata umeme wa themostati na kipokezi kwa dakika tano, uurudishe, na utazame kama ratiba imekumbukwa. Kifaa kinachosubiri mtu akiguse baada ya stima kurudi hakifai kwa nyumba isiyo na mtu.

Penye nyumba isiyo na intaneti, hasa mashambani, zimetumika rilei zenye laini ya simu, ambazo hupokea amri kwa arafa. Ni mbinu sahili na ya kutegemewa, lakini nyingi za zamani hutegemea mitandao ya 2G na 3G. Mwaka wa 2021 serikali ya Uingereza na kampuni za simu zilikubaliana kwamba mitandao hiyo haitakuwepo baada ya 2033.

Simu isichoweza

Boila ikijifunga kwa hitilafu, amri ya themostati haiwezi kuifungua. Mfano unaojulikana sana ni ule wa bomba jembamba la plastiki linalotoa maji ya mvuke nje ya nyumba. Baridi ikizidi, bomba hilo huganda na boila hujizima. Katika baridi kali ya Desemba 2010, nyumba nyingi za Uingereza zilikosa joto kwa sababu hiyo. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, kumiminwa juu ya bomba, kisha boila iwashwe upya kwa mkono. Hali kadhalika, shinikizo la maji likishuka mno, boila nyingi hukataa kuwaka hadi mtu aongeze maji. Kwa hivyo jirani mwenye ufunguo bado anahitajika, hata kama simu yako ni ya bei gani.

Usiizime boila kabisa unaposafiri. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha kwa nyumba nyingi, na kifuniko cha darini kiachwe wazi ili joto lifikie mabomba ya huko juu. Ukiweza, funga pia mfereji mkuu wa maji kabla ya kuondoka. Ni kazi ya dakika moja, na bomba likipasuka, maji yatakayomwagika ni yaliyomo ndani ya mabomba tu. Soma vilevile mkataba wa bima. Mingi huweka masharti kuhusu nyumba iliyoachwa tupu, na siku 30 ndicho kipimo cha kawaida. Wenye tangi la maji moto wasilipangie joto la chini kwa ajili ya kubana matumizi, kwani bakteria wa Legionela husitawi katika maji ya uvuguvugu. Maji ya tangi hushauriwa yafikie nyuzi 60.

Kisha kuna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Boila mbovu huitoa, nawe ukiiwasha kutoka mbali huwezi kujua ni nani yuko ndani. King'ora cha hewa hiyo ni cha lazima, na tangu tarehe 1 Oktoba 2022 wenye nyumba za kupangisha England hulazimika kukiweka katika kila chumba cha kuishi chenye mtambo wa kudumu unaochoma gesi, mafuta au kuni, isipokuwa jiko la gesi la kupikia.

Hatari nyingine haitokani na moto. Vifaa hivi hutegemea kompyuta za kampuni iliyoviuza. Januari 2016, kosa la programu liliwaacha baadhi ya wenye themostati za Nest kwenye baridi. Mnamo Oktoba 2025, Google iliacha kuzihudumia themostati za Nest za matoleo ya mwanzo. Ziliendelea kufanya kazi ukutani, lakini hazikuweza tena kuamriwa kwa simu.

Na unapohamia nyumba iliyo na themostati ya aina hii, ifute na kuisajili upya siku ya kwanza. Aliyehama, au mume au mke mliyeachana, akibaki na akaunti ataweza kukuzimia joto usiku wa theluji, na kujua saa unazotoka na kurudi.